Mamilioni ya dola yaliyotolewa taslimu dirishani: kisa cha Stanbic Tanzania na wajibu wa benki kutoa taarifa

Mapema mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilikopa dola milioni 600 za Marekani kutoka kwa wawekezaji wa nje, kwa hatifungani zilizouzwa kwa wanunuzi maalumu bila kupitia soko la wazi. Waliosimamia kazi hiyo ni Stanbic Bank Tanzania ya Dar es Salaam na benki ndugu yake ya London, Standard Bank Plc, zote mbili zikiwa chini ya kundi la Standard Bank la Afrika Kusini. Katika ujira uliolipwa, dola milioni 6 hazikubaki kwa benki yoyote kati ya hizo. Mwezi Machi ziliingia kwenye akaunti ya kampuni ya Kitanzania iitwayo Enterprise Growth Market Advisors, kwa kifupi EGMA, akaunti iliyokuwa imefunguliwa hapo hapo Stanbic muda mfupi kabla. Siku chache baadaye sehemu kubwa mno ya fedha hizo ilikuwa imeshatolewa taslimu.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha rushwa, na ndivyo mahakama ya Uingereza ilivyokishughulikia. Mimi nataka tukitazame kwa upande mwingine: wajibu wa benki kumjua mteja wake, kushuku, na kutoa taarifa kabla fedha hazijaondoka. Kwa sababu kilichokwama pale si sheria. Sheria ilikuwepo na ilikuwa inaeleweka. Kilichokwama ni kwamba maswali ambayo sheria iliwataka watu wa benki wayaulize mapema yaliachwa mpaka yakaja kuulizwa na wafanyakazi wa chini, wakati fedha zimekwisha kwenda.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayosema mengi. Benki hizo mbili zilipopeleka pendekezo lao serikalini mara ya kwanza, ujira ulikuwa asilimia 1.4 ya fedha zitakazopatikana. Mazungumzo yakasuasua. Katika nusu ya pili ya mwaka 2012 pendekezo likarudi likiwa na asilimia 2.4, na ile asilimia 1 iliyoongezeka ikatajwa kuwa ya mshirika wa ndani, yaani EGMA. Mkataba ukasainiwa Novemba 2012. Asilimia 2.4 ya dola milioni 600 ni dola milioni 14.4. Ukitoa milioni 6 za EGMA, benki zinabaki na milioni 8.4 za kugawana, ambazo ni sawasawa na ile asilimia 1.4 ya mwanzo. Maana yake ni kwamba benki hazikupunguziwa chochote kwa kumwingiza mshirika. Aliyeongezewa mzigo ni Serikali ya Tanzania, yaani mlipakodi.

Na huyo mshirika ni nani? Mwenyekiti wa EGMA, ambaye pia alikuwa mmoja wa wanahisa wake, alikuwa ndiye Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania wakati huo huo, akiwa kazini. Mwanahisa mwingine alikuwa amewahi kuongoza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Taarifa ya ukweli wa shauri, iliyokubaliwa kati ya benki ya London na waendesha mashtaka wa Uingereza, ilisema hakuna ushahidi kwamba EGMA ilifanya kazi yoyote katika muamala huo. Hakuna mtu aliyetiwa hatiani katika shauri hilo la London, na jambo hili lazima lisemwe wazi: lililokubaliwa kule ni kosa la benki, na msingi wake ni kwamba malipo yale yanaashiria yalikusudiwa kuwavuta maofisa wa serikali walipendelee pendekezo la benki.

Sasa turudi Dar es Salaam na tuifungue sheria. Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha (yaani kuzipa fedha za uhalifu sura ya fedha halali) ya mwaka 2006, ambayo sasa ni Sura ya 423, inaiweka benki katika kundi la watoa taarifa. Benki inatakiwa kumtambua mteja kabla ya kuanza naye biashara. Ikiwa mteja ni kampuni, haiishii kwenye cheti cha usajili na namba ya mlipakodi. Inatakiwa ijue nani yuko nyuma ya kampuni na nani atanufaika na fedha. Baada ya hapo inafuatilia miamala. Ikishuku, au ikiwa na sababu za msingi za kushuku, kwamba fedha zinahusiana na uhalifu, ina saa 24 tangu shaka ilipojengeka, na pale inapowezekana kabla muamala haujafanyika, itafute madhumuni ya muamala, chimbuko la fedha, mahali zinakokwenda na mtu wa mwisho atakayenufaika, kisha iandike taarifa na kuipeleka kwenye Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, FIU. Mteja haambiwi kwamba ametolewa taarifa. Kumdokezea ni kosa. Na mfanyakazi aliyetoa taarifa kwa nia njema analindwa asishtakiwe kwa kuvunja siri ya mteja.

Hapa watu wengi hukosea, wakiwemo watu wa benki wenyewe. Wanadhani mpaka uwe na uhakika kwamba fedha ni chafu ndipo uandike. La. Sheria haimtaki keshia, wala afisa uzingatiaji anayehakikisha benki inafuata sheria, awe mpelelezi, sembuse hakimu. Inamtaka aseme: muamala huu haufanani na mteja huyu, na maelezo niliyopewa hayatoshi. Kuthibitisha ni kazi ya wengine. Ndiyo maana kipimo kimewekwa kwenye shaka tu.

Tukiipitisha EGMA kwenye kipimo hicho, shaka haikuhitaji kusubiri dirisha. Kampuni ya ushauri inaletwa kwenye dili la mamia ya mamilioni ya dola na ujira unapanda kwa kiasi kile kile inacholipwa yenyewe. Mwenyekiti wake ni ofisa mkubwa wa serikali, na mteja wa dili ni serikali hiyo hiyo. Februari 2012, miezi kadhaa kabla EGMA haijatajwa, kikosi kazi cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na fedha haramu, FATF, kilikuwa kimerekebisha mapendekezo yake na kuwajumuisha viongozi wa umma wa ndani ya nchi kwenye kundi la wateja wanaohitaji uangalizi wa ziada, wakati zamani mkazo ulikuwa kwa viongozi wa nchi za nje. Kwa hiyo hata asiyejua lolote kuhusu siasa za Dar es Salaam angelazimika kuuliza: kwa kazi gani? Mkataba unaonyesha nini? Nani kaiona kazi hiyo?

London hawakuuliza. Walitegemea Stanbic wamchunguze mshirika, kwa kuwa ndiye mshirika wa Stanbic, yuko Tanzania, na wao Stanbic ndio wanaomjua. Jaji Brian Leveson, aliyesimamia shauri hilo, alieleza kwamba sera ya benki ya London haikuwa wazi kuhusu nani anawajibika pale kampuni mbili za kundi moja zinapofanya dili pamoja na mmoja wao anamleta wakala, na kwamba mafunzo waliyopewa wafanyakazi hayakuwaelekeza vya kutosha. Hapa ndipo naona somo kubwa kuliko lote kwa benki zetu za Afrika Mashariki, ambazo nyingi ni matawi au kampuni tanzu za makundi makubwa. Kila upande unaamini upande mwingine umeshachunguza. Makao makuu yanasema wenyeji ndio wanaojua watu wao. Wenyeji wanasema makao makuu yamepitisha. Mteja anapita katikati.

Tena huu haukuwa udhaifu wa kwanza wa London. Januari 2014, wakati uchunguzi wa kisa hiki unaendelea, mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza, FCA, iliitoza Standard Bank Plc faini ya zaidi ya pauni milioni 7.6 kwa udhaifu wa udhibiti wa utakatishaji fedha. Udhaifu huo ulikuwa wa kati ya Desemba 2007 na Julai 2011, na ulihusu wateja wa makampuni waliokuwa na uhusiano na watu wenye nyadhifa za umma. Haikuwa adhabu ya kisa cha EGMA. Lakini ni ugonjwa ule ule.

Tukaribie dirisha sasa. Kutoa dola milioni moja taslimu si sawa na kutoa shilingi laki mbili za ada ya mtoto. Kwa noti za dola 100, milioni moja ni noti 10,000, yaani vibunda 100 vyenye noti mia mia. Noti moja ya dola ina uzito wa takriban gramu moja, kwa hiyo milioni moja ni kilo 10 hivi. Fedha za kiasi hicho hazikai kwenye droo ya keshia. Zinaombwa, zinaandaliwa, zinahesabiwa kwa mashine, zinasainiwa na zaidi ya mtu mmoja, na mteja anakuja na chombo cha kubebea. Kila hatua kati ya hizo ina mtu anayeona. Kila hatua ni nafasi ya kusema: tusubiri kidogo, nampigia afisa uzingatiaji.

Halafu kuna swali ambalo mtu yeyote wa benki anajua kulijibu. Kampuni ya ushauri inataka dola taslimu za nini? Inalipa mishahara kwa uhamisho. Inalipa kodi kwa uhamisho. Wakandarasi wake, kama wapo, wana akaunti. Fedha ikiwa kwenye akaunti inaacha alama kila inapopita: tarehe, jina, namba. Ikitoka taslimu, alama inaishia dirishani. Ndiyo maana miongoni mwa dalili zote za utakatishaji, kampuni isiyo na historia kuingiziwa fedha nyingi kwa mkupuo na kuzitoa taslimu mara moja ni dalili inayofundishwa kwenye somo la kwanza.

Na kweli, watu waliiona. Mwishoni mwa Machi 2013, wafanyakazi wa Stanbic waliokuwa na wasiwasi na utoaji ule wa fedha walipeleka wasiwasi wao juu, ukafika makao makuu ya kundi. Mawakili wakaajiriwa. Aprili 18 taarifa ikapelekwa kwenye shirika la Uingereza lililokuwa likishughulikia uhalifu wa kupangwa, na Aprili 24 benki ikajisalimisha yenyewe kwa SFO, ofisi ya Uingereza inayoendesha mashtaka ya makosa makubwa ya ulaghai. Kutoka wasiwasi wa wafanyakazi hadi benki kujitaja haikufika mwezi mmoja.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu wafanyakazi hawa hawazungumzwi inavyostahili. Muamala waliouhoji haukuletwa na mteja wa mtaani. Ulikuwa dili kubwa ambalo benki yao imelisimamia, mteja wake akiwa serikali, na mshirika wake akiwa mkuu wa mamlaka inayokusanya kodi. Anayejua jinsi ofisi zetu zinavyokwenda anajua inahitaji moyo gani kusema "bosi, hapa pana tatizo" katika mazingira hayo. Walisema. Na walichosema ndicho kilichoiokoa benki ya London isipandishwe kizimbani kwa mashtaka kamili.

Mnamo Novemba 30, 2015 Jaji Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, yaani mashtaka kusimamishwa mradi benki itimize masharti, kati ya SFO na Standard Bank Plc, ambayo kufikia hapo ilikuwa imebadilisha jina na kuwa ICBC Standard Bank baada ya benki ya Kichina kununua asilimia 60 ya hisa. Yalikuwa makubaliano ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya Uingereza. Kosa lilikuwa la kushindwa kuzuia rushwa chini ya kifungu cha 7 cha sheria yao ya rushwa ya mwaka 2010, nacho kilikuwa hakijawahi kutumika kabla. Kujitaja mapema kulipewa uzito mkubwa sana katika uamuzi wa kukubali njia hiyo.

Malipo yalikwenda hivi. Faini dola milioni 16.8. Faida ya dola milioni 8.4 ikarudishwa yote. Fidia kwa Serikali ya Tanzania dola milioni 6, pamoja na riba iliyozidi kidogo dola milioni 1. Gharama za SFO pauni 330,000. Kwa upande mwingine wa bahari, mamlaka ya hisa ya Marekani, SEC, ikachukua dola milioni 4.2. Faini ilikokotolewa kwa kuchukua zile milioni 8.4, kuzizidisha mara 3, kisha kupunguza theluthi moja kwa sababu benki ilikiri na kushirikiana.

Sikubaliani kikamilifu na mgawanyo huo. Faini na faida iliyorudishwa, jumla dola milioni 25.2, zilikwenda hazina ya Uingereza. Tanzania ilipata takriban milioni 7. Najua hoja ya kisheria: hasara ya Tanzania ni ile asilimia 1 iliyoongezwa, basi ndiyo iliyofidiwa. Lakini hizo milioni 8.4 nazo zilitoka kwenye mkopo ambao Tanzania ndiyo iliyoulipa, kwa riba, hatifungani zikiwa na ukomo wa mwaka 2020. Kama mahakama imeona benki haistahili kubaki na faida hiyo, mwenye fedha yuko Dar es Salaam, si London.

Nyumbani, Benki Kuu iliitoza Stanbic Tanzania faini ya shilingi bilioni 3. Aprili 2016 watu watatu walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka yaliyojumuisha utakatishaji fedha, na kwa kuwa kosa hilo halina dhamana wakakaa mahabusu kwa miaka. Shauri lilifutwa, likafunguliwa upya likiwa na washtakiwa zaidi, na mwaka 2020 likamalizwa kwa makubaliano ya kukiri kosa na mwendesha mashtaka. Kwa hiyo hakukuwa na hukumu inayochambua kwa kina nini kilitakiwa kufanyika ndani ya benki siku zile, na hilo ni pengo. Wanasheria na watu wa mabenki wa Tanzania wanalazimika kuisoma hukumu ya London kujifunza kisa kilichotokea kwao.

Kuna jambo moja la muundo ambalo naona halijadiliwi vya kutosha. Sheria ya 2006 iliiunda FIU kama idara iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Katika kisa hiki aliyekopa ni Wizara ya Fedha, na mamlaka ya mapato nayo iko chini ya wizara hiyo hiyo. Sisemi kwamba FIU ingeifunika taarifa. Sheria inaipa kinga zake na maofisa wake wana viapo. Nasema jiweke kwenye kiti cha afisa uzingatiaji anayejaza fomu kuhusu dili la wizara, akijua fomu inakwenda kwenye idara ya wizara. Mtu wa namna hiyo anahitaji benki iliyomwambia mapema, kwa maandishi, kwamba akiandika hatafukuzwa. Bila hivyo, saa 24 zitapita akiwa bado anatafuta maneno laini.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Kanuni za mwaka 2019 zinaitaka benki ya Tanzania itoe taarifa ya kila muamala wa taslimu unaofikia dola 10,000, uwe na shaka au usiwe nayo. Oktoba 2022 FATF iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na ikaiondoa Juni 2025 baada ya marekebisho. Hatua hizo nazipokea kwa mikono miwili. Chini ya kanuni za leo, utoaji wa aina ile wa Machi 2013 ungepeleka taarifa FIU bila kumsubiri mtu mwenye ujasiri.

Ila taarifa ya namna hiyo hutoka fedha zikiwa tayari mkononi mwa mteja, na inaonyesha kiasi tu. Isingeonyesha kwamba ujira ulipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4 bila kazi iliyoongezeka, wala kwamba mwenyekiti wa mshirika ni ofisa wa serikali inayokopa. La mwenyekiti lilihitaji kuulizwa tu, na ongezeko la ujira lilikuwa kwenye karatasi za dili lenyewe, ambazo benki zote mbili zilikuwa nazo tangu Novemba 2012, miezi 4 kabla ya mtu yeyote kufika dirishani.